Kiapo cha Ruzuku

Mkono wangu wa kulia ndio niliouweka juu ya msahafu, na wa mjukuu wangu Asya ukawa juu yake, unanuka sabuni ya mwani aliyokuwa akiikata. Bwana Jawad, mgeni aliyevaa shati lililopigwa pasi hadi mikononi, akatuapisha: habari ya ruzuku ya mashine ya sabuni tusimwambie mtu mpaka fedha zitoke.

"Mkisema, Wambaa nzima itadai mmependelewa na chama. Mwaijua siasa ya hapa."

Tuliijua. Ndiyo maana tukaapa.

Siku ya nne akapiga simu. Anataka hati ya shamba la mikarafuu, ile yenyewe, siyo kopi, ati ndiyo ya kutolea ruzuku. Asya ampelekee asubuhi kituo cha gari, Chake Chake. Mikarafuu ile kumi na tisa ndiyo niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Sina kingine.

"Bibi, mashine ya sabuni hiyo yaja," Asya akasema, akaitia hati ndani ya mfuko wa nailoni, akaenda zake.

Nikabaki peke yangu. Moyo waniambia hati inaibiwa, ulimi waogopa kiapo. Utotoni nilimwona mtu aliyevunja kiapo. Mdomo ulimwenda upande, akafa hajasema tena.

Mwisho nikajitupia kanga, nikaenda kwa Shehe Nyange anayesomesha chuo cha Kurani cha jirani.

"Shehe, mtu akiapa kuficha neno, kisha neno lenyewe likawa la kumdhulumu?"

"Avunje, Bi Mwanapili, atoe kafara. Neno gani?"

Nikasema yote. Nilipomaliza nikajipapasa mdomo. Ulikuwa sawa.

"Ruzuku!" akamaka. "Mwanangu aliomba mwaka jana. Ilitangazwa ofisini kwa sheha, mkuu wa mtaa, wakaja kuiona kazi yake. Waliomba watu sitini, wakapata wanne, naye hakupata. Hapana aliyeapishwa wala aliyetakwa hati. Mpigie simu mjukuu wako!"

Simu ikaita, haikupokewa. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea.

"Bibi, ndiyo kwanza aishika aiangalie..."

"Mpokonye!"

"Tumeapa, bibi!"

"Nimeshavunja mie! Piga ukelele!"

Simu ikakatika. Nilikaa pale kwa Shehe mpaka adhuhuri, kila gari ikipita natoka kuchungulia.

Asya akarudi mkono wa buibui umechanika, hati imekunjamana, kipembe kimoja hakipo. Alipopiga ukelele madereva waligeuka, yule bwana akaiachia akakimbia.

Kafara ya kulisha maskini kumi sikuiweza, nikanuia kufunga siku tatu.

"Na mie nifunge?" Asya akauliza.

"Weye umemwambia nani?"

"Nimepiga kelele mwizi wa ruzuku, kituo kizima kimesikia."

"Basi funga."

Siku ya pili ya funga mtu akapiga hodi. Bwana Jawad nyumba yetu aijua. Asya akaikalia hati, mie nikashika mchi, hapana aliyeitikia. Hodi ya pili, ya tatu. Kisha tukasikia viatu vikiondoka polepole. Mpaka leo hatujui alikuwa nani.