Bwawa Lililofunguliwa kwa Barua

Watu walimwita Bibi Afya, mpaka mumewe nyumbani akalizoea jina hilo. Miaka kumi na tisa alikuwa akikagua mikahawa, mabucha na mabwawa ya kuogelea, na wapishi wakimwona tu mlangoni walianza kusaka kofia zao.

Jumatatu moja alilifunga bwawa la hoteli kubwa. Jikoni kwao hakuona baya. Lakini chini ya bwawa, upande wa kina kirefu, tundu linalovuta maji kwenda kwenye pampu lilikuwa wazi, halina kifuniko. Akabandika tangazo getini, akamwambia meneja kwa kituo, "Tundu hili likimnasa mtoto, hamumtoi akiwa hai."

Jumatano asubuhi mdogo wake alimpigia simu kuuliza kama dawa ya bwawa huharibu nywele zilizosukwa, maana bintiye alikuwa amekwenda kuogelea na wenzake wa shule.

"Kuogelea wapi?"

Mdogo wake akaitaja hoteli ile ile.

"Lile nimelifunga kwa mkono wangu."

"Dada, mbona mwalimu ametuambia kuna barua ya ofisini kwenu?"

Bibi Afya hakuaga hata. Alidandia pikipiki ya kwanza aliyoiona.

Getini tangazo lake lilikuwa limebanduliwa, imebaki gundi. Watoto kama thelathini walikuwa wakirushiana maji kwenye kina kifupi, binti wa mdogo wake akiwa katikati yao. Meneja akamjia na tabasamu, barua mkononi. Ilikuwa na saini ya mkuu wa idara yake: marekebisho yote yamekamilika.

"Yamekamilika lini?"

"Mama, mimi si fundi. Mkuu wako ameridhika. Wewe ni nani usiridhike?"

Bibi Afya akampita. Alimwomba mwalimu awatoe watoto kidogo. Mwalimu akaitazama ile barua, akasita, kisha akapuliza filimbi. Bibi Afya akachukua fimbo ndefu ya wavu wa kuokotea majani, akafunga taulo la hoteli kwenye ncha, akalishusha mpaka chini.

Taulo likanyonywa lote. Alivuta, wapi. Mlinzi akaja kusaidia, kisha meneja mwenyewe, viatu vyake vya ngozi vikiteleza kwenye vigae. Watu wazima watatu, na taulo halikutoka mpaka fundi alipokimbia kuzima pampu.

Mwalimu alikaa kitako palepale. "Saa nne nilikuwa nawapeleka kina kirefu," akasema. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Alasiri mkuu wa idara alimwita Bibi Afya ofisini.

"Umenidhalilisha mbele ya watu."

"Ulikwenda kulitazama, bosi?"

"Walinihakikishia kwa simu."

"Simu haizami. Mtoto anazama."

"Chunga ulimi wako. Wale ni watu wazito."

"Basi wazito ndio wangeanza kuzama," akasema, akatoka bila kuruhusiwa.

Wiki iliyofuata alihamishiwa meza ya vyeti vya wapishi, kwenye chumba kisicho na dirisha. Ila mdogo wake, ambaye kinywa chake hakina breki, aliwakusanya wazazi arobaini na ushee, wakajaa idarani, wakakataa viti mpaka mkuu aeleze saini yake. Akaishia kufuta kipara kwa leso. Siku mbili baadaye kifuniko kikafungwa. Fundi ndiye aliyemnong'oneza Bibi Afya kwamba kilikuwa stoo tangu mwezi uliopita. Meneja hakutaka bwawa lisimame hata nusu siku.

"Mshukuru Mungu yameisha salama," mumewe akamwambia wakila.

"Mungu namshukuru. Hawa siwashukuru." Akasukuma sahani kando. "Kilikuwa stoo, baba watoto. Stoo. Na mkuu bado yuko kwenye kiti chake."

Akavuta karatasi, akaanza kuandika barua kwa wakubwa wa mkuu wake, akieleza jambo moja baada ya jingine, kuanzia Jumatatu.