Kilichokata Siku Zake

...na mkanda unazidi kubana, unabana mpaka vidole vya Shakila vinakufa ganzi, na Sista Loyce hamtazami usoni, anaitazama mashine, anaguna, "Dada yangu, mbona imepanda hivi, vidonge vya presha unameza?" naye anajibu nameza, sista, kila siku nameza, na vidonge viko nyumbani Chilangala, ndani ya chungu cha mbegu za kunde, hajavigusa tangu siku zake zilipokata, "presha ikiwa hivi sindano ya kuongeza damu sikuchomi, itaipandisha zaidi, upate kiharusi bure," na sindano ndiyo iliyomleta Newala, damu ndiyo hana, akiinama kuokota korosho dunia inazunguka, ndoo ya maji siku hizi anaibeba Hamidu, mwanamume mzima na ndoo kichwani, watu wanamcheka mumewe naye hajali... daktari siku ile alisema figo zako zimechoka, na figo zikichoka hata damu mwilini haitengenezwi sawasawa, akasema na jingine, Shakila ameshafika mlangoni, vidonge hivi vina madhara kwa mtoto tumboni, ukihisi una mimba njoo upesi tukubadilishie, ila yeye aliondoka na nusu ya maneno, madhara kwa mtoto, ile njoo upesi aliiacha palepale, kwani angekuja wangemwambia nini, si wangesema figo zako na mimba haviendani, naye miaka yote ya ndoa ni Shakila tu, mke wa Hamidu, wenzake kina Mama Ashiru, kina Mama Bibiana, hata mdogo wake aliyemlea mgongoni sasa ni mama wa mtu...

"Na siku zako unaziona?" moyo unaruka, sasa atajua, "Zimekata, sista," na Sista Loyce hashtuki, hata kichwa hainui, "Wengi wenu hukata, figo zikichoka na damu ikipungua, si ajabu," wengi wenu, anasema, wengi wenu, kumbe wako wengi, na ule udongo anaoutafuna mchana kutwa, mama mkwe akicheka, huyo wa kiume huyo, udongo nao ni wa kukosa damu? na kichefuchefu cha asubuhi, na miguu iliyovimba mpaka ndala hazimwingii, kila kitu alimpa mtoto, sasa ugonjwa unapita ukichukua kimoja kimoja, hiki changu, hiki changu... na kama kweli yumo? yumo kwenye damu nyepesi kama maji ya kuoshea mchele, amebanwa na presha hii aliyomlimbikizia mama yake mwenyewe, akidhani anamlinda, ee Mola...

"Tulia, nipime tena," mkanda unaanza kubana upya, palepale, mkono uleule, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe Shakila anamwomba Mungu tumbo liwe tupu, asiwemo mtu, asiwepo wa kulipia ujinga wake, anaomba hivyo na machozi yanamshuka bila sauti, "Unaumia?" anauliza sista, naye anatikisa kichwa, "Sista, vidonge nimeacha, nilidhani nina mtoto," na analisikia mwenyewe hilo nilidhani, limeshatoka, halirudi, na mkanda bado unabana.