Amplifaya ya Mkwe

Mume wangu Ndolo na mama yangu walikaa boma moja karibu mwaka mzima bila kuangaliana usoni. Hawakuwa wamekosana. Kwetu Ukambani hiyo ndiyo heshima, tunaiita nthoni: mkwe na mama mkwe hawaingiliani nyumba, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Kanisani kwetu Kikima tulikuwa tumeacha mengi ya zamani, lakini hilo hatukuliacha. Mzee wa kanisa mwenyewe nilimwona kwa macho yangu akiruka mtaro amkwepe mama mkwe wake, na Biblia kwapani.

Kwa hiyo posta nilikuwa mimi. Ndolo yuko anatengeneza terasi karibu na nyumba ya mama, mama yuko ndani, wanasikiana vizuri kabisa, na mama anaita, "Mutindi, mwambie mwenye boma mbuzi wake ameingia kwa maharagwe." Ndolo ameshatupa jembe anakimbia, na mimi bado natakiwa niseme, "Mwenye boma, mbuzi wako ameingia kwa maharagwe." Kazi hiyo ilinichosha kuliko kupanda kilima na mtungi mgongoni.

Mama alikuwa ametoka Nunguni. Aliteleza nyuma ya nyumba yake akavunjika mguu, akalala pale kwenye matope mpaka Kalunde, jirani yake na rafiki yake tangu wakiwa wasichana, alipokuja kuomba moto akamkuta. Mguu ulipona vibaya. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na ingawa si desturi mama kuhamia kwa mkwe, angeenda wapi? Ndolo alimjengea nyumba nzuri, sakafu ya simiti na dirisha la kioo. Ila kwa kumheshimu aliijenga mbali, chini ya terasi mbili, ng'ambo ya shamba la kahawa, ili asije akamwona hata akianika nguo. Wazee wa kijiji walimsifu sana kwa umbali ule.

Mama hakuusifu. "Hapa nakaa kama mgeni wa matanga," aliniambia. "Nalishwa, nashiba, na hakuna mtu ananiambia kitu. Maharagwe yakivunwa mimi narudi Nunguni. Kalunde yuko."

Kalunde mwenyewe macho yalikuwa yameisha, alitembea kwa kupapasa ukuta. Niliposikia hivyo niliona kabisa jinsi mama atakavyoanguka tena, na safari hii hakuna atakayekuja kuomba moto. Nilimwambia Ndolo huku nalia. Ndolo si mtu wa maneno. Aliuliza kitu kimoja tu: huko Nunguni alikuwa akifurahia nini ambacho hapa hapati?

Nilikijua. Yalikuwa matangazo ya vifo kwa Kikamba, ya jioni, redioni. Usishangae. Ukifika umri ule, hiyo ndiyo habari yenyewe. Kila jioni yeye na Kalunde waliketi na redio katikati, wakisikia nani ametangulia, ameacha watoto gani, atazikwa wapi, kisha wanamzungumzia mpaka ugali uive. Redio yake ndogo alikuja nayo, lakini nyumba ile ya heshima ilikuwa imefichwa na kilima na haikushika chochote ila mvumo wa nyuki.

Juu kwetu, kando ya barabara, stima ilikuwa imefika, na Ndolo alikuwa na sistemu iliyojulikana Mbooni nzima: redio yenye waya wa kunasia mawimbi juu ya mlingoti mrefu, amplifaya, na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa nasari. Alizitoa spika barazani, akazielekeza chini kwa mama, akaongeza sauti. Jioni ile nikamuuliza mama amesikiaje.

"Nimesikia mtu anaongea," akasema. "Aliyekufa sijamsikia. Ni kama kusikia majirani wakigombana."

Ndolo akaamua amplifaya yake haina nguvu. Alipopeleka maparachichi Kitui kwa lori lake nilipanda naye, tukaingia kwa Abdulatif, aliyekuwa akiuza na kutengeneza redio karibu na msikiti. Wazazi wake walitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka ukasahau kuuliza bei. Alisikiliza habari yote akatikisa kichwa.

"Bwana Ndolo, uliyo nayo ni ya wati hamsini. Nikikupa ya mia utadhani utasikia mara mbili, lakini sikio litaongezewa kidogo tu. Spika ni zilezile na mbali ni kulekule. Usinunue kitu. Chukua spika moja, vuta waya, kaiweke ndani kwa mama. Atasikia mpaka mtangazaji akimeza mate."

Ndolo alitazama viatu vyake. Mimi nilijua kwa nini. Wazo hilo nilikuwa nimeshampelekea mama, naye aliniangalia kana kwamba nimemwambia amfulie mkwe wake suruali. Spika ile Ndolo huiegemea, huweka kikombe chake cha chai juu yake, na sasa ije isimame miguuni pa kitanda cha mama mkwe? Na hata ingekuwa mpya, mama alisema, sauti inayotoka nyumbani kwa mkwe haiwezi kumkuta amelala. Mambo hayo utamwelezaje mtu ambaye anakula pilau sahani moja na mama mkwe wake?

"Nipe hiyo ya mia," Ndolo akasema.

"Nitakupa, mimi nafanya biashara. Lakini usiikaze mpaka mwisho. Ukisikia inakwaruza, jua spika zinaumia."

Tulirudi na lidude zito kama mfuko wa simiti. Ndolo aliliunganisha, akawasha, na ikawa vile vile alivyosema Abdulatif: sauti ilipanda kidogo. Kidogo hicho kilimtosha jirani yetu Kasyoka, wa ng'ambo ya bonde, kutuma mtu aulize kama tumefungua baa. Ng'ombe alipiga teke ndoo ya maziwa. Nikashuka kwa mama.

"Sasa huyo mtu anagombana kwa hasira," akasema. "Jina bado."

Kila jioni Ndolo alikaza kidogo zaidi. Maneno yalianza kukwaruza, na kadiri yalivyokwaruza ndivyo mama alivyozidi kukosa jina. Maharagwe nayo yalikuwa yamekauka shambani. Nilimwambia mume wangu aache, kwamba mama akishasema kitu amesema.

"Akienda akaanguka," Ndolo akanijibu, "watu watasema mkwe wake alishindwa kumtunza. Na watakuwa wamesema kweli." Tangu hapo nikaacha kumcheka kuhusu lidude lake.

Siku hiyo nilikuwa nakamua, kwenye zizi lililo kati ya nyumba yetu na ya mama. Matangazo yakaanza. Ndolo akakaza mpaka mwisho. Mtangazaji akaguruma, nikashika neno "Nunguni", kisha kitu kikapasuka, harufu ya mpira ulioungua ikashuka mpaka kwangu, na kukawa kimya. Spika zote mbili zilikuwa zimekufa. Niliona Ndolo anachomoa nyaya, anainama, anabandika sikio kwenye redio yenyewe, ambayo ilikuwa na kispika chake kidogo cha kunong'ona.

Mama akaita kutoka chini. "Mutindi! Huyo wa Nunguni ni nani?"

Sikujua. Nikamgeukia Ndolo. Alikuwa amesimama barazani, kofia mkononi, na nikaona usoni pake kwamba yeye anajua. Nilisubiri aje aninong'oneze nipeleke, kama kawaida. Akashuka terasi ya kwanza, akanifikia, akanishika bega. Akapita, akashuka terasi ya pili, akaenda kusimama kando ya ukuta wa mama, akageuza mgongo kwenye mlango na uso bondeni.

"Mwaitu," akasema. Hivyo ndivyo sisi huita mama. "Ni mkwe wako."

Ndani, kigoda kililia.

"Wa Nunguni ni Kalunde," Ndolo akasema. "Amekufa jana hospitalini. Nimeona usiambiwe kwa kupitia mtu."

Mama hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku ya kumzika baba. Niliacha ng'ombe amefungwa miguu nikakimbia, nikamshika, na alikuwa mwepesi mikononi mwangu. Alilia kwa muda. Ndolo alibaki palepale nje na mgongo wake, hakuondoka.

Kisha mama akasema juu ya bega langu, "Wamesema anazikwa lini?"

Nilifungua mdomo nimpelekee mwenye boma swali lake. Nilikuwa nimechelewa.

"Alhamisi, mwaitu. Nitakupeleka na lori."

"Nitakaa wapi kwa lori?"

"Mbele. Mutindi atakaa katikati."

"Sawa," mama akasema.

Alhamisi tulienda Nunguni, watatu kwenye kiti kimoja, kila mmoja akitazama barabara yake. Tulimzika Kalunde. Wanawake walimlisha mama wali na maharagwe, wakamwambia nyumba yake bado ni nzima, wao wapo, watamwangalia. Maneno ya matanga hayo. Kila mtu ana shamba lake na kilima chake. Lakini mama alichukua ufunguo wake akaenda, akichechemea, akafungua mlango akaingia. Nikasikia ufagio. Mtu hafagii nyumba anayoiacha, nilijiambia, na kumwondoa kwa nguvu nisingeweza.

Ndolo alikuwa pembeni ya lori, amechutama anakagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Alikuwa amekaa hapo tangu tufike. Chakula alikikataa, kwa sababu mama mkwe alikuwa anakula uwanja ule ule.

Mama akatoka. Alikuwa amebeba sufuria yake kubwa na blanketi, na kigoda chake kikining'inia kwenye mkono. Akafunga mlango. Alinipita mimi niliyenyoosha mikono nimpokee, akaenda mpaka nyuma ya Ndolo, akasimama. Ndolo aliona kivuli akaanza kuinuka aondoke.

"Kaa hapo hapo," mama akamwambia. "Shika mzigo huu unipakilie. Halafu twende nyumbani, wewe hujala tangu asubuhi."