Majina Kumi na Manne

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini Fundi wa madawati hakuwepo na lake likawepo. Siku wazazi walipokutana kumchagua mjumbe wao katika bodi ya elimu, yeye alikuwa anapachika mlango wa stoo ya jirani, misumari mdomoni. Waliohudhuria walitazamana, kila mmoja akikwepa jicho la mwenzake, mpaka mama mmoja akasema, "Fundi je? Madawati ya shule zote nne yamepita mikononi mwake." Wakapiga makofi, wakaenda zao. Habari aliipata jioni kwa mkewe, aliyecheka hadi akashika ukuta.

"Hongera mheshimiwa," alimwambia. "Sasa itabidi uvae shati lenye vifungo vyote."

Eneo lao la elimu lilikuwa dogo: shule tatu bondeni na moja juu mlimani. Hiyo ya mlimani ndiyo aliyosoma binti yake wa darasa la nne, na ndiyo iliyomkosesha raha alipoletewa karatasi za kikao. Ajenda ya kwanza ilisema: kuifunga shule ya mlimani na kuwahamishia watoto wake kwenye shule kubwa ya bondeni.

Alizisoma karatasi hizo juu ya meza yake ya kazi, katikati ya maranda, kidole kikifuata mstari. Sheria ya bodi ilikuwa na mambo mawili. Shule ikiwa na watoto pungufu ya arobaini na watano, inafungwa. Wastani wa mtihani wa darasa la saba ukishuka chini ya arobaini, inafungwa. Kwa idadi ya watoto, shule ya mlimani ilikuwa salama, maana ilikuwa na sitini na mmoja. Kilichoiangusha ni mtihani. Watahiniwa kumi na tisa, wastani thelathini na tatu.

"Ikifungwa, shule kubwa itahitaji madawati arobaini mapya," Fundi alimwambia mkewe. "Mwenyekiti keshaniuliza kama nitayaweza."

"Madawati arobaini!" Mkewe aliacha kukunja nguo. "Baba watoto, hiyo ni kazi ya mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Na mtoto atavuka barabara ya malori asubuhi na jioni."

"Ndiyo."

"Basi usinitazame mimi. Mheshimiwa ni wewe."

Fundi alirudi kwenye karatasi, akasoma tena mstari uleule. Kumi na tisa? Kabla ya mtihani alipanda mlimani kupiga randa madawati, kwa sababu siku ya mtihani kila mtoto hukaa peke yake na dawati halitakiwi kuwa na maandishi hata nukta. Alipiga randa madawati kumi na mawili. Aliyakumbuka kama mtu anavyokumbuka wanawe, kwa maana moja lilikuwa na fundo gumu lililomvunjia wembe wa randa. Hao saba wengine walikaa wapi, sakafuni?

Jumamosi asubuhi alivaa shati lenye vifungo vyote, akaenda.

Chumba cha kikao kilikuwa na dirisha moja, kabati la mafaili lisilofunga sawasawa, na meza ndefu iliyoyumba kila mtu alipoegemea. Fundi aliitazama ile meza kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayekohoa njiani. Mama Mwenyekiti, muuguzi mstaafu, alikaa mwisho wa meza na kengele ndogo mbele yake. Upande mmoja walikaa mshonaji na mwenye duka la vifaa, na upande wa pili mkulima wa mboga, ambaye kwa desturi alisinzia mpaka chai iingie. Mhasibu wa ofisi, kijana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, hakuwa mjumbe. Kazi yake ilikuwa kusoma tarakimu.

Na karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mwalimu mkuu wa shule ya mlimani. Watoto walimwita Bi Rejista, naye alijua na wala hakujali. Daftari lake la mahudhurio lilikuwa mapajani, limevalishwa nailoni kama kitabu cha dini.

"Shikamoo mwalimu," Mhasibu alimwamkia kabla ya kuanza. Alikuwa mwanafunzi wake zamani.

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hizo pesa unazohesabu hazikulishi?"

Watu wakacheka. Mama Mwenyekiti akagonga kengele.

Mhasibu alisoma. Ruzuku ya serikali huja kwa kichwa cha mtoto, alieleza, na mwaka huo haikutosha shule nne. Ikifungwa moja, zile tatu zitapata chaki, vitabu na choo kipya. Akasoma wastani: shule kubwa arobaini na tisa, mbili nyingine arobaini na nne na arobaini na mbili, mlimani thelathini na tatu. Alishusha sauti aliposoma ile ya mwisho, macho yakiwa kwenye karatasi.

"Mwalimu, una la kusema?" aliuliza Mama Mwenyekiti.

Bi Rejista alisimama. "Watoto wangu si wajinga," alisema. Akalikumbatia daftari lake, akakaa.

Mwenye duka akakohoa. "Basi tupige kura tukanywe chai. Mambo ni wazi."

Tangu achaguliwe, Fundi hakuwa amesema neno kikaoni zaidi ya "naunga mkono". Akanyoosha mkono nusu, kama mtoto asiye na hakika ya jibu.

"Samahani, Mama Mwenyekiti. Mimi nina swali la madawati."

"Madawati tutafika, Fundi. Ni ajenda ya tatu."

"Si hayo mama. Ya mtihani. Nilipiga randa madawati kumi na mawili kule mlimani. Hapa naona watahiniwa kumi na tisa. Nauliza tu, hao saba walifanyia mtihani wapi?"

Mkulima wa mboga akafumbua jicho.

"Labda ulikosea kuhesabu," alisema mwenye duka.

"Kaka, mbao nisizihesabu? Ningekuwa nakula nini?"

Mhasibu alipekua karatasi zake, akapata orodha ya matokeo. Akashuka nayo kwa kidole. "Kuna sifuri saba," alisema polepole. "Sifuri, sifuri, sifuri... Hawa hawakufanya mtihani. Lakini majina yao yalipelekwa." Akageuka. "Mwalimu?"

Bi Rejista alilifunua lile daftari kutoka kwenye nailoni yake, akaliweka mezani. Meza ikayumba. Majina yalikuwa yameandikwa kwa wino wa bluu, mwandiko ulionyooka. Mbele ya baadhi yake, badala ya alama za mahudhurio, palikuwa na maneno mawili ya penseli: yuko njiani.

"Yuko njiani kwenda wapi?" aliuliza mshonaji.

"Kurudi," alisema Bi Rejista. "Wamehama na wazazi wao, wengine wamepelekwa kwa ndugu. Mimi simfuti mtoto. Ukimfuta, siku akirudi ataanzia wapi? Ofisi ya mitihani waliponiomba majina, niliwapa daftari lilivyo."

"Kwa hiyo asiyekuwepo alipata sifuri," alisema Mhasibu, "na sifuri ikahesabiwa." Tayari alikuwa amechomoa kikokotoo. Akazidisha, akagawanya, akarudia. "Wakitolewa hao saba, wastani si thelathini na tatu. Ni hamsini na mbili."

Mshonaji ndiye aliyeanza kucheka. "Hamsini na mbili! Yaani tulikuwa tunataka kumpeleka wa kwanza akafundishwe na wa pili?"

Bi Rejista hakucheka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa ameona mbele kuliko wote. Mkono wake ulikuwa umelifunika daftari.

"Mshika mbili moja humponyoka," alisema Mama Mwenyekiti, ambaye naye alikuwa ameona. "Mwalimu, hao saba ni wa darasa la saba tu. Madarasa mengine je? Majina hayahaya ndiyo yanayokuletea ruzuku, na ndiyo yanayokufikisha sitini na mmoja. Hatuwezi kuwafuta kwenye mtihani tukawaacha kwenye pesa. Kama ni kufuta, tutafuta wote, tuone wanabaki wangapi."

"Wakipungua arobaini na watano," alimalizia mwenye duka, "tumerudi palepale."

"Wako njiani wangapi, mwalimu?" Mhasibu aliuliza.

"Sijawahi kuwajumlisha," alisema Bi Rejista. Na mtu yeyote aliyemtazama aliamini. Alichukua kalamu nyekundu aliyopewa na Mhasibu, akaishika juu ya ukurasa, na kalamu haikushuka. Nje, mtu alikuwa anafagia kokoto, fagio likikwaruza.

Fundi alisogeza kiti chake karibu. Alijua ukurasa gani. Mwanawe wa kwanza alichukuliwa na shangazi yake miaka miwili iliyopita, mahali penye shule nzuri na uwanja wa mpira, na tangu hapo Fundi alikuwa akimwambia mkewe kwamba kijana atarudi likizo ijayo akae. Likizo zilikuja, kijana akaja wiki moja, akarudi kwa shangazi. Alikuwa amenenepa. Alikuwa na furaha. Jina lake lilikuwa pale, la tatu kutoka juu, darasa la saba. Yuko njiani.

Kumbe sifuri moja ilikuwa ya nyumbani kwake.

"Mwalimu," alisema, "anza na wangu."

Bi Rejista alimtazama. "Huyu alisema atarudi. Aliniaga mwenyewe, akaniambia nimtunzie nafasi."

"Nami aliniambia hivyohivyo. Ameshapata nafasi nyingine, mwalimu, nzuri tu. Hajambo kabisa. Futa."

Kalamu ikashuka. Mstari mmoja mwekundu, taratibu, kwa rula, maana Bi Rejista hakuweza kufuta hata mtoto kwa mstari uliopinda. Baada ya huyo wa kwanza wengine walifuata, na kila mmoja alimpa maneno yake. Huyu mama yake alipata kazi ya kiwanda. Hawa pacha walikuwa wanabishana mpaka kwenye swali la kujumlisha. Huyu alikuwa na mwandiko mbaya lakini akili, usiniambie. Mkulima wa mboga alikuwa macho kabisa sasa, akihesabu kwa vidole chini ya meza.

"Kumi na wanne," alisema Mhasibu mwishowe. "Sitini na moja, toa kumi na nne. Arobaini na saba."

"Arobaini na saba!" Fundi aligonga meza, ikayumba hadi kengele ikalia.

"Ruzuku itashuka," Mhasibu aliongeza, maana mhasibu hawezi kufurahi bila kuongeza kitu. "Na iliyozidi miaka miwili hii itakatwa."

"Ikatwe kidogo kidogo, kwa mihula sita," alisema Mama Mwenyekiti. "Na choo kipya kitasubiri. Mwalimu, pesa hizo ulizifanyia nini?"

"Zimemlipa mwalimu wa muda wa darasa la saba. Risiti ninazo zote."

"Ndiyo hiyo hamsini na mbili," alisema mshonaji. Kura ikapigwa. Mikono mitano ikapanda kwa shule kubaki, wa mwenye duka ukiwa wa mwisho na wa chini kuliko yote, lakini ulipanda.

Fundi alipofika nyumbani mkewe alikuwa mlangoni. Alimweleza yote: shule, wastani, madawati arobaini yaliyoyeyuka. Mwisho akamweleza habari ya mstari mwekundu. Mkewe aliokota kipande cha maranda kilichonasa begani mwa shati lake.

"Basi kile kitanda chake usikiache kikae bure," alisema. "Kifupishe, kimfae mdogo wake."

Jumatatu Fundi alipanda mlimani na boksi lake la vifaa, kukaza bawaba ya dirisha la darasa la nne. Bi Rejista aliingia na daftari jipya, kurasa zikiwa bado zimegandana, akaanza kuita majina. Nipo, akajibu wa kwanza. Nipo. Nipo mwalimu. Hakukuwa na pahali pa kunyamaza, pahali pale alipozoea kusimama kidogo na kutazama mlango. Majina yaliisha mapema kiasi kwamba alifunua ukurasa wa pili, akaukuta mweupe, akawatazama watoto nao wakamtazama.

"Tumemaliza?" aliuliza binti wa Fundi.

"Inaelekea tumemaliza," alisema Bi Rejista, naye akatabasamu kama mtu aliyeongezewa chenji dukani. "Haya, msinikodolee macho. Toeni madaftari ya hesabu."