Alama za Bwawa la Mfalme

Nchi ya Ngubilo ilikuwa na bwawa moja, na bwawa lilikuwa na utaratibu wake. Kila Ijumaa Korongo, mpima maji, alisimamisha mti wake wenye alama kwenye kina, akausoma, kisha akawatangazia wanyama maji yangetosha siku ngapi. Kila alama ilikuwa siku kumi. Ila kupima maji ya Mfalme, Mfalme akiwa nje, kulihesabiwa utovu wa adabu. Kwa hiyo Mfalme Kiboko alitangulia kuingia, baraza lake la viboko likamfuata, ndipo Korongo akapima.

Mwaka wa pili bila mvua, mti ulionyesha alama sita.

"Sita zitawatia watu wasiwasi," alisema Mfalme.

"Tuongeze washauri, Mtukufu," alisema Waziri, ndugu yake wa tumbo moja.

Wakateuliwa washauri ishirini, unene ukiwa sharti la kazi. Walipoingia, maji yalipanda hadi alama tisa, na baraza likajipongeza kwa kupambana na ukame.

Korongo alikuwa na haya, hakuzoea kubisha. Lakini jioni ile, viboko walipotoka kwenda malishoni, alirudi akapima peke yake. Alama mbili.

Asubuhi Swala alimkuta ukingoni. Alikuwa na watoto pacha.

"Shoga, umetangaza siku tisini. Ningojee mvua, au niende Mto Lumea? Kwa miguu ya hawa ni siku kumi na tano."

"Nimetangaza nilichosoma."

"Hilo nimelisikia. Ungekuwa mimi, je?"

Aliyepima bila Mfalme adhabu yake ilikuwa kunyonyolewa manyoya ya mbawa. Korongo aliwatazama wale pacha wakilamba tope.

"Ningekuwa nimeshaondoka," alisema.

Ijumaa iliyofuata ukingo ulikuwa mtupu.

"Nani kawaambia?" aliuliza Mfalme.

"Mimi, Mtukufu. Nilipima mkiwa nje."

"Basi kosa ni kutoka," alisema Waziri. "Tusitoke tena, kipimo kiwe cha kweli saa zote. Majani wananchi watatuletea."

Hakuna aliyeuliza wananchi gani. Korongo akanyonyolewa, baraza likabaki ndani.

Wiki ya tatu tope liliwafika viboko mabegani, likaanza kukauka. Korongo akaja na mti wake.

"Soma," alisema Mfalme kwa sauti ndogo.

"Alama nne, Mtukufu. Ni matope."

"Nne si haba," alisema Waziri, ambaye shingo yake haikugeuka tena. "Siku arobaini. Neno matope lisiingie kwenye tangazo."

Korongo akageukia ukingo usio na mtu, akatangaza siku arobaini kama ilivyotakiwa. Kisha akafuata nyayo za Swala, kwa miguu, maana mbawa zake zilikuwa hazimbebi.