Jani Lisilouma

Bi Zuwena alikuwa akimimina tui la mwisho chunguni, Conjesta akamshika mkono.

"Bibi! Mbona umetutumka vipele hivi, mpaka kwenye kiganja? Havikuwashi?"

Bi Zuwena akatazama vidole vyake. Vyekundu, vimevimba, na yeye hasikii kitu. Mwiko ukamponyoka.

Kila mwaka baridi ya Maskati ikianza kuaga, nyuma ya nyumba yao ya Sidab, chini ya jabali pale yanapotuama maji ya mvua, huota majani ambayo wao huyaita washawasha. Conjesta, mtu wa Bukoba aliyekuja kufanya kazi za nyumba, alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini: "Kwetu washawasha ni gari la polisi! Kumbe huku mnalipika na nazi?" Mabichi yanauma kama nyuki, yakishachemka ni mboga laini, na huaminika kuwa yanaongeza damu. Ndiyo maana leo yamepikwa. Mjukuu wake, Hajar, ana mimba kubwa na damu imempungua.

Lakini papo hapo huota na mranaha, sumu ya kumrusha mtu akili, hata kumuua, na ukiwa mchanga majani yake nayo yana meno pembeni kama ya washawasha, ila hayaumi. Macho ya Bi Zuwena hayaaminiki tena. Siku zote huchagua kwa vidole: linalouma, kikapuni, lisilouma, chini. Asubuhi ya leo halikuuma hata moja. Akajisemea, "Ah, machanga haya," akachuma mpaka kikapu kikajaa.

Alijua, ila hakutaka kujua. Ganzi ya kisukari ilimwanza miguuni, sasa imepanda mikononi, na hajamwambia mtu. Mwanawe Khalil, baba yake Hajar, alishaapa: mikono nayo ikifa ganzi, mama hashiki tena moto wala kisu, wala hatoki peke yake.

"Wewe umeonja?" akamnong'oneza Conjesta.

"Nionje vipi, Bibi, na nimefunga Kwaresima?"

"Alhamdulillahi. Nipe kikapu. Yamebaki?"

Yalibaki kidogo. Alipogeuka, Hajar kesha kuingia jikoni, kajipakulia bakuli, kakaa mezani na kijiko mkononi.

"Kitendawili!" Bi Zuwena akasema, sauti ikimpanda.

"Bibi, nile kwanza. Mtoto ananipiga mateke."

"Anayetegwa hali. Kitendawili!"

"Haya, tega. Mwanamke mkorofi wewe."

"Kila nikimla, keshanila mwanzo." Huku akijisugua jani shingoni, pale ngozi ingali hai. Likamchoma. *Hili ni lenyewe.*

"Washawasha! Kila mwaka hicho hicho, hakichachi?" Hajar akachota kijiko.

"Ngoja! Kingine. Mgeni wangu yumo ndani, na hodi bado hajapiga." Jani la pili. Likachoma nalo.

"Mwizi."

"Mwizi wa nini! Fikiri."

"Paka wa jirani." Hajar akacheka, akapuliza kijiko. "Basi nimeshindwa. Nakupa mji, nakupa Qurayyat na mitende yake yote. Haya sema, mie nakula."

Jani la tatu. Bi Zuwena akalisugua, akalisugua tena kwa nguvu mpaka shingo ikalowa maji yake ya kijani. Kimya. Akalipeleka puani. Harufu nzito, mbaya, iliyofichwa na tui chunguni.

Kijiko kilikuwa kwenye mdomo wa Hajar.

Hakukumbuka namna alivyovuka jiko. Alikumbuka kishindo tu, na bakuli vipande vipande, na mchuzi wa kijani ukitiririka miguuni mwa mjukuu wake.

"Umemeza? Hajar, umemeza?"

"Sijameza! Bibi, nini? Utanizalisha hapa hapa!"

Conjesta keshashika tambara, anamtazama Bi Zuwena. Na uwongo ukaja wenyewe, mzuri, umeshavaa: mjusi kaangukia chunguni. Nani angebisha? Chungu kingemwagwa, na jiko lingebaki lake.

"Mjusi," akaanza. "Mjusi ka..."

"Yakhi!" Hajar akafuta miguu, keshaanza kucheka. "Basi, bibi yangu, hamna neno. Kesho utanichumia mengine. Sitaki ya mtu mwingine, nataka ya mkono wako."

Bi Zuwena akautazama mkono huo. Akavuta kiti akakaa.

"Hapana mjusi, mwanangu. Nimekupikia mranaha. Mkono wenyewe umekufa, na nnajua tangu siku nyingi." Akauweka juu ya meza, kiganja juu. "Conjesta, mwaga chungu chote, na kikapu chote, usimbakishie hata kuku. Na wewe Hajar, mpigie baba yako. Usimwambie kitu. Nipe mie simu, nitamwambia mwenyewe."