Kidole cha Tano

Saa nne asubuhi mwongozaji aliisimamisha picha kwenye skrini kubwa, akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mama Pacha, hebu njoo. Huyu baba ana vidole vingapi?"

Mama Pacha alisogea, akavihesabu. Katika katuni yao ya vichekesho kila mtu, kuanzia bibi hadi kichanga cha jirani, ana vidole vinne kila mkono. Ndivyo walivyokubaliana tangu kipindi cha kwanza, maana kidole kimoja kikipungua, wachoraji nao wanapumua. Lakini hapa baba alikuwa akimfundisha binti yake kuhesabu hadi tano, na mkono wake ulikuwa na vitano kamili. Mama Pacha ndiye aliyeuchora, akiangalia mkono wake mwenyewe kwenye kioo cha mezani, vilevile anavyowahesabia mapacha wake nyumbani.

"Onyesho zima tunalikata," mwongozaji alisema. "Saa kumi kipindi kinatumwa kituoni."

Lilikuwa onyesho la kwanza la Mama Pacha kuchora peke yake, baada ya miaka miwili ya kupaka rangi michoro ya wenzake. Likikatwa, kesho anarudi kwenye meza ya rangi.

"Si turekodi upya, baba aishie nne?"

"Turekodi na nani? Mwenye sauti yuko kwenye ndege saa hizi. Au utamwigiza wewe?"

"Na kale kasauti kake!" fundi wa sauti aliangua kicheko. Ofisi nzima ilimwita Mjomba Redio. "Baba wa watu atageuka mbu."

Mama Pacha alipiga moyo konde. Katika kazi yao sauti hutangulia, picha hufuata. Basi, aliifuata sauti.

"Mjomba, nichezee pale anapohesabu."

"Moja, mbili, tatu, nne..." Kimya kidogo. "Tano!"

"Rudia."

Akarudia mara sita. "Mwanangu, utaichakaza!"

"Hapo anaponyamaza, pana urefu gani?"

"Sekunde moja na nusu. Alikuwa anameza mate."

Kwa michoro kumi na miwili kila sekunde, hiyo ni michoro kumi na minane. Mama Pacha alivuta kiti. Alianza kwa kufuta kile kidole cha ziada, kila mahali kilipojitokeza. Chai ilipoa, shingo ikakakamaa, mara mbili alichora na mara mbili akafuta. "Hainishindi hii," alijiambia, akaendelea.

Saa tisa na nusu mwongozaji alitazama, mikono kifuani. Baba anafika nne, anaukodolea macho mkono wake, anaugeuza nyuma, anatafuta. Bibi, aliyeketi kando yake akisoma gazeti, wala hainui macho. Ananyoosha kidole chake na kukipachika pembeni ya vile vinne. "Tano!" baba anatamba.

Mwongozaji hakucheka. "Tena."

Mara ya pili aliguna. Mara ya tatu, kidole cha bibi kilipochomoza, maji aliyokuwa anakunywa yalimtokea puani.

"Nani alikutuma umwingize bibi?" aliuliza, akijifuta kwa mkono wa shati.

"Si alikuwa amekaa hapo bure!"

"Mjomba, itume ilivyo." Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Kipindi kijacho watu saba wanagombana jikoni, wote kwa pamoja. Onyesho hilo utaliweza peke yako?"

Mama Pacha alinyoosha shingo, ikalia ko!

"Nipe sauti zao," alisema.